Ngozi Imetwaharika; Je, Maji Yake?



Wasomaji wetu watukufu, kina mama, kina baba na vijana wetu. Kila Idi Kubwa inapowadia, macho yetu sote huwa kwenye nyama: fungu la nyumbani, fungu la jamaa na majirani, fungu la maskini. Ngozi ya mnyama hutiwa chumvi, hukunjwa, na aghalabu hupelekwa madrasa ili thamani yake isaidie wanafunzi na mayatima. Ikishatoka mlangoni petu hatuiulizi tena. Juma hili napenda tuifuate ngozi hiyo mpaka kiwandani, tujue inatengenezwa vipi, na khasa tujue maji yaliyoitengeneza yanaelekea wapi. Kwani ngozi ina mas'ala yake ya tohara ambayo wengi wetu tuliyasoma tukiwa wadogo. Maji yake nayo yana mas'ala ambayo hatukuyasoma, ilhali ndiyo yenye kumfikia jirani na kumdhuru.

Dibagha ya jana na ya leo

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni tohara. Ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe hutwaharika kwa dibagha, yaani kwa kutengenezwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Wanavyuoni wakaeleza dibagha ni nini: ni kuiondolea ngozi unyevu na mabaki yanayoiozesha, kwa kutumia kitu kikali mfano wa maganda ya komamanga, hata ikirowekwa majini tena isirudi kunuka wala kuoza. Kuianika juani peke yake hakutoshi. Fundi wa ngozi wa leo akiyasikia maelezo hayo hatayapinga. Kwake yeye pia jua na chumvi huihifadhi ngozi kwa muda tu, na ngozi iliyotengenezwa ndiyo ile isiyooza ikirowa.

Hapa pwani kitu kikali hicho kilipatikana karibu. Gome la mkoko lina dawa iitwayo tanini, na wakati wa ukoloni magome hayo yalisafirishwa kwa meli kutoka mwambao wetu kwenda ng'ambo kwa kazi hiyo ya ngozi. Bara walitumia gome la muwati. Kazi ya magome ni ya subira, ngozi hukaa majini majuma, pengine miezi. Kisha mwaka 1884, huko Marekani, Augustus Schultz alisajili njia ya kutengeneza ngozi kwa madini ya kromi. Kazi iliyochukua majuma ikawa ya siku moja au mbili, na ngozi ikatoka laini na yenye kustahimili joto. Leo zaidi ya asilimia 80 ya ngozi duniani hutengenezwa kwa kromi. Kiatu cha shule cha mwanao na mkoba wako wa harusini, ikiwa ni vya ngozi ya kweli, basi yaelekea vimepitia huko.

Hatuna haja ya kuishutumu kromi kwa kuwa ni ya kisasa. Haja yetu ni kujua hesabu yake kamili, kwani hesabu hiyo haiandikwi kwenye bei ya kiatu.

Maji kiasi gani, na yana nini ndani yake

Kutengeneza tani moja ya ngozi mbichi huhitaji, kwa kawaida, maji lita 30,000 hadi 40,000. Kwa mitungi yetu ya lita 20, hiyo ni mitungi 1,500 hadi 2,000. Karibu maji yote hayo hutoka kiwandani yakiwa machafu, na kila hatua huongeza uchafu wake.

Kwanza ngozi hurowekwa ili chumvi tuliyoitia itoke. Hutoka pamoja na damu, samadi na udongo. Pili hutiwa chokaa na salfaidi ili nywele ziyeyuke, na hapo ndipo ile harufu ya yai viza hutokea. Tatu hutiwa asidi na chumvi ili iwe tayari kupokea kromi. Nne hutiwa kromi yenyewe, nayo ngozi haiinywi yote. Katika utengenezaji wa kawaida, baina ya asilimia 20 na 40 ya kromi hubaki majini. Mwisho huja rangi na mafuta ya kulainishia.

Maji hayo hayafai kuchanganywa ovyo. Maji ya salfaidi yakikutana na maji ya asidi katika mtaro mmoja hutoa hewa yenye sumu kali, na wafanyakazi wa viwanda vya ngozi wamepoteza maisha yao kwa kuingia katika mashimo yenye hewa hiyo. Kwa hiyo kiwanda chenye kujiheshimu hutenganisha mifereji yake tangu mwanzo.

Kromi nayo ina sura mbili. Ile inayotumika kutengeneza ngozi huitwa kromi ya tatu, na madhara yake ni madogo ukilinganisha na ya mwenzake. Ya pili huitwa kromi ya sita, nayo wataalamu wa saratani wa kimataifa wameiweka katika orodha ya vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Walakini ya tatu yaweza kugeuka ikawa ya sita, kwa mfano mabaki ya ngozi yakichomwa moto. Ndiyo maana haitoshi kusema, "Kromi yetu ni ile isiyo kali."

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kromi yote katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.05 kwa lita. Ukitaka kuona udogo wa kiasi hicho, chukua gramu moja tu ya kromi: hiyo yatosha kuyafikisha maji ya lita 20,000 kwenye kikomo hicho, yaani matangi makubwa mawili ya lita 10,000.

Hapa pana jambo la kutafakari kwa sisi tuliosoma mlango wa maji. Tumezoea kuyapima maji kwa alama tatu: rangi, tamu na harufu. Kwenye mdomo wa bomba la kiwanda alama zote tatu huonekana, wala hakuna atakayedanganyika. Lakini maji hayo yakishachanganyika na mto, yakatembea maili kadhaa, rangi hupotea na harufu hupotea, nayo kromi yaweza kuwa ingalimo. Mama aliyeko chini ya mto anayechota, anayefua na anayemwagilia mchicha wake hana alama ya kumwonya. Na kuyachemsha hakumsaidii. Moto huua vijidudu, hauondoi madini. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki palepale na kuzidi ukali.

Yaliyowapata wenzetu wa Dhaka

Mfano ulio wazi zaidi uko Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi, ambako takriban nusu ya ngozi mbichi za mwaka mzima hupatikana katika msimu wa Idi Kubwa. Kwa hivyo kisa chao kinatuhusu sana sisi wenye kuchinja.

Tangu miaka ya 1950 viwanda vya ngozi vya Dhaka vilikusanyika katika mtaa wa Hazaribagh, katikati ya makazi ya watu. Maji yake yalipita katika mitaro ya wazi mpaka mto Buriganga, bila ya kusafishwa. Watoto walicheza kando ya mitaro hiyo. Mabaki ya ngozi yenye kromi yalikuwa yakisagwa na kufanywa chakula cha kuku na samaki, mpaka mwaka 2011 mahakama ilipoingilia kati. Tazama, enyi wasomaji, njia iliyopita sumu: kutoka ngozini hadi kwenye yai la mtoto.

Serikali iliamua viwanda vihamie Savar, nje ya jiji, ambako pangejengwa mtambo mmoja wa kusafisha maji ya wote. Kuhama kulichelewa miaka mingi. Mwezi wa Aprili 2017, kwa amri ya mahakama, viwanda vya Hazaribagh vilikatiwa umeme, gesi na maji, na wenyewe wakahama. Lakini mtambo wa Savar uliwekwa kwa kiasi cha mita za ujazo 25,000 kwa siku, na msimu wa Idi maji machafu hufikia kiasi cha mita 40,000. Sehemu ya kutenganisha kromi nayo haikufanya kazi ipasavyo. Mto mwingine, Dhaleshwari, ukaanza kubeba mzigo uliotolewa Buriganga.

Matokeo yake hayakuishia mtoni. Wanunuzi wakubwa wa Ulaya hutaka hati ya kuthibitisha kwamba ngozi imetengenezwa bila ya kuharibu mazingira, na kwa sababu ya maji hayo viwanda vingi vya Savar vilikosa hati hiyo. Wakalazimika kuuza kwa bei ya chini. Idi ya mwaka 2019 bei ya ngozi mbichi ilianguka mno, hata watu wakazitupa barabarani na wengine wakazifukia ardhini. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini uchafu wa maji ulikuwa miongoni mwake. Na nani aliyeumia? Madrasa za huko hutegemea ngozi za Idi kwa chakula cha wanafunzi wao, wengi wao mayatima. Maji yaliyoachwa machafu na tajiri yakazunguka, yakampunguzia yatima sahani yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba usafi wa maji haya si anasa ya wataalamu.

Shabu ya mama na sahani ya fundi

Sasa tuuendee upande wa tiba. Miongoni mwa njia zinazochunguzwa na kutumiwa kusafisha maji ya viwanda vya ngozi ni kutumia umeme. Msichana wa sekondari ataielewa njia hii kwa urahisi, na mama anayejua shabu ameshaielewa nusu yake.

Bibi zetu walipochota maji ya tope walitia shabu kidogo ndani ya mtungi, wakakoroga, wakasubiri. Tope ikashikana, ikazama, maji yakabaki meupe juu. Siri yake ni kwamba chembe za tope zina chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo husukumana wala haziwezi kukutana. Ndani ya shabu mna madini ya alumini yenye chaji ya kinyume. Yakiingia, chembe huacha kusukumana, hushikana mafungu mafungu, mfano wa maziwa yanavyokatika yakitiwa ndimu.

Njia ya umeme hufanya kazi hiyohiyo bila ya kutia shabu. Ndani ya tangi la maji machafu huning'inizwa sahani za chuma au za alumini, zimepangwa kama vitabu rafuni, hazigusani. Huunganishwa na umeme wa mwelekeo mmoja, kama ule wa betri. Sahani chanya huyeyuka kidogo kidogo, na madini yake huingia majini kufanya kazi ya shabu. Kwenye sahani hasi maji hupasuka, hutoa viputo vidogo vya hidrojeni, na hupunguza ukali wa asidi hata maji yakaelekea hali ya magadi. Hali hiyo ndiyo inayoifanya kromi ya tatu igande na kuwa mabonge. Mabonge ya chuma na ya kromi hushika uchafu mwingine, viputo huyainua baadhi yake juu kama povu la nyama kwenye sufuria, na mazito huzama chini. Juu huenguliwa, chini hukombwa, maji ya kati hutolewa.

Ikiwa majini mna kromi ya sita, sahani ya chuma ina kazi ya ziada. Chuma kilichoyeyuka huigeuza kromi ile kali ikarudi kuwa ya tatu, kisha ikagandishwa pamoja na nyenzake.

Njia hii si uzushi wa jana. Mhandisi William Webster aliijaribu kwa maji machafu ya jiji la London, huko Crossness, mwishoni mwa miaka ya 1880, akitumia sahani za chuma. Na hesabu yake ilijulikana kabla ya hapo, kwani Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha madini kinachoyeyuka hufuata kiasi cha umeme kilichopita. Umeme wa ampea 10 ukipita saa moja, sahani ya chuma hutoa takriban gramu 10 za chuma. Kwa hiyo fundi hupima dawa yake kwa kugeuza swichi, wala hahitaji kubeba magunia ya kemikali.

Maji ya ngozi yana jambo moja linaloisaidia njia hii, nalo ni chumvi. Maji matamu hupitisha umeme kwa shida, lakini maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi, na gharama ya umeme hupungua. Chumvi ileile tuliyoinyunyiza juu ya ngozi siku ya Idi ndiyo inayomrahisishia fundi kazi yake. Aidha, umeme wa sola hutoka ukiwa wa mwelekeo mmoja, jambo linalofaa katika nchi ya jua kama yetu.

Ipo pia njia ya pili ya umeme. Hutumika sahani zisizoyeyuka, mathalan za titani iliyopakwa madini maalumu. Hapo chumvi iliyomo majini hugeuzwa kuwa klorini, na kutokana nayo dawa ya jamii ya ile tunayong'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo huvunja rangi, salfaidi na amonia ndani ya maji yenyewe.

Tartibu, na mipaka ya dawa

Mwenye kutawadha anajua kwamba kuosha viungo vyote hakutoshi ikiwa tartibu imevurugwa. Katika kazi hii pia tartibu ina nafasi yake. Njia ya pili niliyoitaja ni kali, na ikitangulia ilhali kromi ingalimo majini, yaweza kuigeuza kromi ya tatu kuwa ya sita. Yaani aliyekusudia kusafisha akazidisha sumu. Kadhalika klorini ikikutana na uchafu mwingi wa nyama na mafuta huzaa sumu nyingine. Kwa hiyo kromi hutolewa kwanza, uchafu mwingi hupunguzwa, kisha ndipo ile dawa kali ifuate kwa kiasi.

Tena umeme haufuti madini. Kromi haipotei, bali hutoka majini ikaingia katika tope. Kiwanda kinachosafisha maji kisha kikaitupa tope hiyo bondeni, au kikaiuza kuwa mbolea, kimehamisha madhara kutoka kwa jirani wa mtoni hadi kwa jirani wa shambani. Tope hiyo yahitaji mahali palipozibwa chini na pembeni, mvua isipate njia ya kuipitisha ardhini. Na bora zaidi ni kutoifikisha huko. Maji ya kromi yakitengwa katika mfereji wake, kromi yaweza kugandishwa, ikayeyushwa tena kwa asidi na kurudishwa kazini. Huo ni uchumi kabla ya kuwa wema.

Sahani nazo hulika, zikahitaji kubadilishwa, na pengine hupata ukoko unaozuia umeme. Chumvi yenyewe hubaki majini, njia ya sahani haiiondoi. Mwenye kumwagilia shamba maji hayo ya chumvi ataiua ardhi yake. Ndiyo maana wataalamu hawaitegemei njia moja. Huchuja kwanza, hufuatisha umeme au kemikali, kisha huviachia vijidudu vyema kula uchafu uliosalia.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu wauzaji wa mitambo husifu bidhaa zao. Mtu akikwambia kiwanda chake kina mtambo wa umeme, mulize maswali mawili: tope inapelekwa wapi, na maji yanayotoka yamepimwa na nani?

Mto wetu na haki yetu

Pengine mtu atasema Dhaka ni mbali. Hapa Kenya tuna viwanda vya ngozi bara, na baadhi yake viko katika mji wa Athi River na huko Thika. Mto Athi ukishuka hupata jina la Galana, na ukifika kwetu huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vinavyoipa maji Malindi, Kilifi na Mombasa, viko kando ya mto huo. Sisemi haya ili mtu aogope mfereji wake wa nyumbani. Maji hayo hupitia mchanga kabla ya kuvutwa, na njia kutoka bara ni ndefu. Nasema ili tujue kwamba sisi ni watu wa chini ya mto, na mtu wa chini ya mto ana haki ya kuuliza yanayofanywa juu.

Haki hiyo imeandikwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 43 chataja maji safi na salama. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameshapata hasara. Kanuni za ubora wa maji nazo zamtaka mwenye kiwanda awe na leseni ya NEMA kabla ya kumwaga maji yake.

Na tusidhani haki hizo ni za wakubwa tu. Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, madini ya risasi kutoka katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu yaliingia katika miili ya wakazi. Aliyeanza kupiga kelele ni mama, Phyllis Omido, baada ya mtoto wake mchanga kuugua. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa na kutenguliwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipourudisha mwaka 2024. Risasi si kromi, na betri si ngozi. Lakini alama iliyowaonya watu ilikuwa mwili wa mtoto, na hiyo ni alama inayochelewa mno. Kupima maji ni wajibu uje kabla ya hapo.

Lililo mikononi mwetu

Kwanza, tuitunze ngozi ya udhuhiya. Ichunwe bila ya kutobolewa, itiwe chumvi mapema na iwekwe kivulini. Ngozi iliyooza huishia kuwa taka tupu.

Pili, tunajua kwamba mwenye kuchinja udhuhiya haiuzi ngozi yake wala hamlipi mchinjaji kwayo, bali huitoa. Basi kamati za madrasa zinazopokea ngozi na kuziuza zina nafasi kubwa. Zikikusanya ngozi za mitaa kadhaa pamoja, zitakuwa na sauti ya kumuuliza mnunuzi: ngozi hizi zaenda kiwanda gani, na je, kina leseni ya maji yake? Swali likiulizwa na madrasa moja laweza kupuuzwa. Likiulizwa na madrasa za mji mzima litatafutiwa jibu.

Tatu, mabaki ya ngozi ya viwandani yasichomwe jikoni wala jaani, yasilishwe kuku, na tope ya kiwanda isipokewe shambani hata ikitolewa bure.

Nne, nawaomba vijana wenye kupenda majaribio wasiitie umeme beseni la maji nyumbani. Umeme na maji ya chumvi huua, na hidrojeni hulipuka. Mwenye shauku ayafanye katika maabara ya shule, mbele ya mwalimu wake. Na mzazi mwenye binti anayependa kemia asimkatize, kwani umma huu wahitaji wahandisi wa maji kama unavyohitaji wakunga.

Ndugu zangu, katika mafunzo ya tohara tuliyolelewa nayo mna makatazo ya kuchafua chanzo cha maji, njia ipitwayo na kivuli wanachopumzikia watu. Waliotufundisha hawakuiona kromi wala salfaidi, lakini sababu ya katazo haijabadilika: usimwachie mwenzako uchafu wako pale anapopata uhai wake. Ngozi iliyotengenezwa vizuri ni tohara na halali kuvaliwa. Lakini kazi ya aliyeitengeneza haijaisha maadamu maji yake yangali machafu, nasi tuliomuuzia tuna haki ya kumwambia hivyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kunufaisha, wala tusiwe wenye kudhuru, na atuhifadhie maji yetu na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.